Giaboksi Iliyofungwa kwa Ukindu

Kabla sijafungua banda la baba nilipiga picha kufuli. Kisha nikaupiga picha mlango, nikaufungua, nikapiga kila rafu, kila msumari uliokuwa na kitu kinaning'inia na kila gunia la korosho lililojaa vyuma, kwa mbali na kwa karibu. Niliogopa kwamba siku moja mtu ataniuliza kitu fulani kilikuwa wapi, nami nitakosa jibu. Hakuna aliyenituhumu wala aliyekuwa na nia hiyo. Mimi huanza kujitetea kabla ya kushtakiwa.

Banda lenyewe lilikuwa la kupanga, pale njia panda ya Mingoyo, si mbali na nyumbani. Baba alikuwa fundi magari hapo tangu sijazaliwa. Sehemu ya mbele alitengeneza pikapu na malori ya watu waliokuwa njiani kwenda Mtwara au Masasi. Nyuma kulikuwa na chumba alichokifunga kwa kufuli, na humo aliweka vipuri vya magari ya mashindano ya zamani: kabureta zilizokaa mbili mbili, usukani mdogo uliozungushiwa ngozi, taa kubwa za mbele zenye vyandarua vya waya, pistoni, shafti, beringi. Hakukuwa na gari hata moja mkoani kwetu la kuvaa vipuri hivyo. Watu wa njia panda walimtania kwamba anaunda ndege. Naye aliwajibu kwamba ikikamilika wasimwombe lifti.

Arobaini ya baba ilikuwa imepita. Mwenye banda alituomba banda lake kufikia mwisho wa mwezi, akaomba kwa upole hata nikaona aibu kana kwamba ni sisi tuliomkosea. Mama asingeweza kwenda kule. Alikuwa katika eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na banda liko barabarani kwenye macho ya watu. Baba mdogo, ndugu yake baba wa pekee, ni fundi pikipiki Lindi mjini na alikuwa na kazi zake. Nikabaki mimi, binti mkubwa, mwenye shahada ya utunzaji wa kumbukumbu, niliyerudi nyumbani kungoja ajira.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuwa kitu kimoja. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama mbele ya watu, kama inavyofanywa kwetu, akatangaza kwamba mwenye haki yake kwa marehemu ajitokeze. Pale hakujitokeza mtu. Wiki moja baadaye ikaja simu kutoka Dar es Salaam. Mwanamume mmoja, mtu mzima, alijitambulisha kuwa mtoto wa dereva ambaye baba aliwahi kumfanyia kazi.

Hadithi yenyewe tuliijua nusunusu. Baba akiwa kijana alikuwa fundi mdogo kuliko wote katika gereji moja ya Dar iliyoandaa gari la mashindano. Katika mashindano ya mwisho gari lilikwama kwenye tope kwa sababu gia ya tatu ilikataa. Dereva alimkabidhi baba giaboksi aifungue na kuiponya. Kabla haijapona gereji ilifungwa, watu wakatawanyika, dereva akaenda nje ya nchi na hakurudi akiwa hai. Baba akarudi kwao Lindi na giaboksi ya mtu ndani ya magunia mawili, akavuka nayo Rufiji kwa kivuko. Sasa mtoto wa yule dereva alikuwa amelipata gari la baba yake, bovu, bila giaboksi, na alikuwa akilifufua.

"Tulizungumza na marehemu mwaka jana," aliniambia kwenye simu. "Aliniambia ipo, imebaki kidogo tu, atanikabidhi nzima. Sasa, dada, sijui nyie mnaonaje."

Nilimwambia mama. Hakufikiri hata kidogo.

"Hiyo ni amana," alisema. "Mwambie aje Jumamosi ya baada ya arobaini. Na itoke nzima. Baba yako asilale na kitu cha mtu."

Kwa hiyo nilipoingia bandani Jumatatu nilikuwa na kazi moja iliyozidi nyingine zote: kuitoa giaboksi ya watu, nzima, kutoka katikati ya vyuma ambavyo sikuvijua majina. Na haikuwa kitu kimoja. Baba alikuwa ameifungua yote. Vipande vyake vilikuwa humo humo, pamoja na vipande vya giaboksi nyingine zilizokufa ambazo alikuwa akizinunua na kuzichinja ili apate kinachofaa.

Nilifanya nilivyoona ni vizuri. Nilisafisha. Kila chuma kilikuwa kimepakwa grisi kisishikwe na kutu ya chumvi, na kila kimoja kilikuwa kimefungwa kijiuzi cha ukindu, ule wa kusukia mikeka, mwingine mweupe, mwingine wa rangi. Nilidhani ni vya kutundikia. Nikavikata vyote kwa mkasi, nikavirundika kwenye kikapu, nikaosha vyuma kwa petroli, nikavipanga kwa aina. Beringi na beringi. Springi na springi, fupi mbele na ndefu nyuma. Nikabandika karatasi za kunata zenye namba, nikaandika orodha kwenye kompyuta. Jumatano mchana chumba kiling'aa kama duka la dawa. Nilisimama mlangoni nikajisikia, kwa mara ya kwanza tangu mahafali, kwamba nimefanya kazi ya mtu aliyesoma.

Nikaondoka na kile kikapu nikampelekea mama.

Alikuwa ameketi chumbani juu ya jamvi, miguu ameinyoosha, anasuka. Mama ni mtu wa Kivinje, na wanawake wa kwao mikono yao haikai bure. Katika eda alikuwa amemaliza mkeka mmoja na kuanza wa pili.

"Nimekuletea vya kuwashia jiko," nikasema.

Aliingiza mkono kikapuni bila kutazama. Kisha akatazama. Akatoa uchane mmoja mwekundu, akaupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi.

"Umevitoa wapi?"

"Vilikuwa vimefungwa kwenye vyuma. Nimevikata vyote. Ungeona kunavyong'aa sasa, mama!"

"Vyote?"

"Vyote."

"Hata vya giaboksi?"

"Sikujua vipi ni vya giaboksi."

"Ndivyo hivyo vilivyokuwa vikikwambia," mama akasema.

Hakupandisha sauti. Alinionyesha. Uchane ule mwekundu ulikuwa na fundo moja kubwa na mafundo mawili madogo. Fundo kubwa ni tano. Basi huu ulikuwa saba: kipande cha saba kutoka, upande wa shafti ya juu, kwa sababu shafti ya juu ni nyekundu. Ya chini ni kijani. Zambarau ni gamba la nje na kila uma wa chuma unaosukuma gia. Mweupe ni vya giaboksi nyingine, havina hesabu. Baba alikuwa akifungua, anataja, mama anafunga. Siku ya kurudisha ungeanza na hesabu kubwa kabisa na kushuka hadi moja, na usingehitaji kumuuliza mtu.

"Kwa nini asiandike?" nikauliza. Nilikuwa karibu kulia na bado nilitaka kujua.

"Aliandika mwanzo. Karatasi zikalowa grisi, wino ukakimbia, akakaa siku tatu hali vizuri. Nikamwambia, si nina ukindu hapa? Akanitazama kama nimempa gari." Mama akacheka kidogo. "Nilikuwa na mimba yako. Nilifunga nikiwa nimekaa hivi hivi."

Chuoni, katika mwaka wa kwanza, somo la kwanza kabisa, tulifundishwa kwamba kumbukumbu za mtu usizivuruge mpangilio aliouacha mwenyewe, hata ukiuona ni fujo, maana mpangilio nao ni kumbukumbu. Nilipata alama nzuri sana katika somo hilo. Nilikaa pale juu ya jamvi nikiirudia kichwani ile sentensi jinsi nilivyoiandika kwenye mtihani.

"Nitampigia asije," nikasema. "Nitamwambia nimeiharibu mimi. Au nimwambie mama anaumwa? Hapana, si kweli. Au nimwandikie barua—"

"Wewe, tulia. Chuma umekitupa?"

"Sijatupa hata kimoja."

"Basi hakijaharibika kitu. Kilete hapa."

Vyuma vikaja nyumbani kwa bajaji, safari mbili. Dereva aliuliza kama tunahamia garini. Siku ya Alhamisi chumba cha mama kilikuwa gereji. Alitandika jamvi kubwa, akazitenga zile chane za rangi kutoka kwa nyeupe, akazihesabu: thelathini na nne. Kisha akaniambia nilete zile picha.

Sikuwa nimezifikiria. Yeye ndiye aliyekumbuka kwamba nilimwambia nimepiga hadi kufuli, na kwamba alinicheka. Tukakaa bega kwa bega na simu, mimi nikizikuza picha kwa vidole, yeye akiwa amevaa miwani ya baba ambayo ilimpwaya. Pale msumarini, uma wa chuma wenye uchane wa zambarau, mafundo matatu. Pale kwenye trei, beringi tatu, nyekundu, nyekundu, kijani. Kila tulipokitambua kipande, mama alikishika, akakifunga upya, akakiweka mahali pake jamvini. Mikono yake haikusita. Vipande kumi na saba vilipatikana kwa picha. Mara moja maishani mwangu woga wangu ulikuwa umezaa kitu.

Vilivyobaki vilikuwa vimekaa ndani ya magunia, havikuonekana pichani. Hapo ndipo nilipomwona mama kwa jicho jingine. Alichukua uchane, akaunusa.

"Huu una grisi nyeusi. Nyeusi aliweka kwenye beringi tu."

Akachukua mwingine, akautazama ulivyojikunja. "Huu ulifungwa kwenye kitu chembamba, umebana. Nipe kile cha kama kidole." Nikampa kijifimbo cha chuma. Uchane ukakaa kwenye kiuno chake kama pete iliyovuliwa jana. Kingine alikikumbuka tu, kwa sababu siku anakifunga baba alijikata, akamfunga na kidole kwa ukindu huo huo.

Miaka yote nilikuwa nikimsimulia baba kwa marafiki zangu: fundi aliyesikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni, aliyejua kwa sauti tu kwamba lori limetoka Rondo na mzigo mzito, aliyeosha spana zake kila jioni na kuzilaza kwa urefu wao. Bado namsimulia hivyo. Lakini sikuwahi kumtaja mama ndani ya hadithi ile, na yeye alikuwa humo mikono miwili.

"Mama, kumbe vyote hivi alikusanya kwa ajili ya giaboksi ya watu?"

"Nusu," alisema. "Nusu nyingine ulikuwa ugonjwa wake. Zile taa alizifuata Songo Songo kwa boti, mtu alikuwa anavulia nazo. Zina uhusiano gani na giaboksi?"

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, tulikuwa tumebaki na uchane mmoja. Kijani, mafundo makubwa mawili na dogo moja: kumi na moja. Hakukuwa na chuma cha kuuvaa. Nilipekua magunia upya, nikapekua vile vya ukindu mweupe, nikarudi bandani nikapapasa sakafu kwa viganja. Nilijua nimekipoteza. Pengine kilitoka na maji ya petroli, nikakimwaga nyuma ya banda. Nikaenda kuchimbua pale mchanga ulipolowa. Nilipata nati moja, ya baiskeli.

Nilirudi nikamkuta mama ameushika ule uchane dirishani kwenye mwanga.

"Njoo uone. Zote ulizokata zina ncha ya mkasi. Huu una ncha ya mkasi?"

Haukuwa nayo. Ncha zote mbili zilikuwa nyembamba, zima. Na haukuwa na grisi hata tone. Ulikuwa mkavu, rangi yake mpya kuliko nyingine zote.

"Huu haukufungwa popote," mama akasema taratibu. "Ulikuwa unaning'inia tu. Nilikuwa nimesahau. Ni ile pete ya shaba ya gia ya tatu. Iliyokuwepo ilikuwa imelika kabisa, akaitupa. Akaniambia nimfungie mafundo yake mapema, ili siku akiipata asinikute nimekwenda Kivinje."

"Kwa hiyo hakuipata."

"Kila aliyekwenda Dar alimtuma. Zililetwa pete, hakuna iliyokuwa yenyewe."

Imebaki kidogo tu. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwenye simu, nikadhani kidogo hicho ni kufunga bolti.

Usiku kucha sikuumia kwa sababu ya kosa langu tena. Niliumia kwa sababu ya neno la mama, nzima. Jumamosi asubuhi niliandika ujumbe kwa yule mgeni, nikaufuta. Niliandika mrefu wenye maelezo yote, nikaufuta, nikaandika mfupi, ukaonekana kama wa mwizi. Kuna dakika, naikiri hapa, nilipoiwaza pete iliyokaribia kufanana, iliyokuwa kwenye kundi la ukindu mweupe. Ningeiweka. Nani angejua, Mingoyo nzima?

"Unaandika nini tangu alfajiri?" mama akauliza.

Nikamwambia, hadi ile ya pete nyingine. Akauweka mkeka kando.

"Baba yako alikuwa nazo pete kama hizo sita. Miaka yote hiyo hakuiweka hata moja. Wewe una siku tano tu na giaboksi, unataka kuiweka?" Akarudi kwenye mkeka wake. "Piga simu. Useme kilichopo na kisichokuwepo."

Nikapiga. Mgeni alishapita Nangurukuru. Nilisema yote kwa pumzi moja: nilikata, tukarudisha, imepungua pete ya shaba ya gia ya tatu, kama anataka ageuze gari tutaelewa. Upande wa pili ikasikika honi, kisha yeye.

"Nakuja, dada. Pikeni chai."

Alifika adhuhuri, mtu mnene mwenye mvi kidogo, mkono mmoja umebeba kilo za sukari za rambirambi.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Poleni sana na msiba."

Baba mdogo naye alikuwa amekuja kutoka Lindi kushuhudia. Tulitandika jamvi barazani, nikavitoa vipande kwa mpangilio wake, kila kimoja na ukindu wake. Nikawaelewesha rangi na mafundo. Mgeni alichuchumaa asiguse kitu kwa muda mrefu.

"Hiki ni kitabu," alisema hatimaye.

"Na msomi wetu alikichana kurasa," baba mdogo akadakia. "Serikali ikimpa ajira, tutasikia nchi imepotea."

Wakaanza kufunga. Walianza na hesabu kubwa wakishuka, kama mama alivyoniambia. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa ukumbini, kwa sababu ya eda, nami nilidhani amelala. Walipofika zambarau ya nne, baba mdogo akakisukuma kipande, kikagoma. Akainua nyundo.

"Weka nyundo chini," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Hiyo ina upande. Penye mkwaruzo paelekee juu."

Baba mdogo akakigeuza. Kikaingia chenyewe.

"Shemeji, si ungesema toka mwanzo?"

"Nilikuwa nakusikiliza fundi."

Mgeni akageukia pazia, akainama kidogo kana kwamba linamwona. "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na safari."

Kuanzia hapo walifanya kazi kwa sauti yake. Aliposikia bolti inazunguka sana alisema imekosa washa, kile kisahani cha chuma cha chini yake, na kweli washa ilikuwa chini ya goti la mgeni. Ilipokamilika mgeni alishika shafti kwa mkono, akaizungusha, akasukuma gia ya kwanza. Ikaingia kwa mlio mfupi, safi. Ya pili, vilevile. Ya tatu ikakwaruza, meno yakagongana, ikakataa. Ya nne ikaingia laini.

Nilingoja uso wake ubadilike. Alirudia ya tatu, akasikiliza ule mkwaruzo, akairudia tena.

"Mzee wangu alikuwa akitusimulia," alisema. "Kila mara anafika hapo. Ya tatu ndiyo iliyotuacha kwenye tope. Nilikuwa sijawahi kuisikia." Alipangusa mikono. "Pete moja nitachongesha. Sikutegemea kuja kukuta vingine vyote vipo."

"Kwa hiyo amana imefika?" nikauliza. Swali lilikuwa la kitoto, lakini nisingelala bila kuliuliza.

"Imefika. Mbele ya shahidi." Alimwonyesha baba mdogo, ambaye alikuwa anakunywa chai ya pili na akaitikia kwa kikombe.

Mkono wa mama ukatokea pembeni ya pazia, ukiwa umeshika ule uchane wa kijani, mkavu, wa hesabu ya kumi na moja.

"Mfungie kwa nje, palepale ilipo gia ya tatu," akaniambia. "Siku akiipata asihangaike kuuliza inakaa wapi."

Nilizungusha ukindu kwenye kijimkono kilichochomoza kwenye gamba la nje, nikafunga. Ukafunguka. Mgeni akataka kusaidia, baba mdogo akamzuia.

"Umepitisha juu," mama akasema. Sijui alijuaje. "Pitisha chini kwanza, halafu urudi."

Nikapitisha chini, nikarudi, nikakaza.

"Vuta."

Nikavuta. "Haufunguki."

"Basi mruhusuni mgeni aondoke mapema," mama akasema, "barabara ni ndefu."